Moto wa ibada na moshi wa mpakani: Nani hasa anachafua hewa ya Busia na Tororo?

SAMLI, ufuta, mchele, ubani na kafuri ni bidhaa ambazo mfanyabiashara wa Busia huzipima bila kuuliza zinakokwenda. Sehemu kubwa huishia chunguni au kwenye chetezo cha nyumbani. Lakini kiasi fulani, hasa kinachonunuliwa na familia za Wahindu katika miji kama Tororo, Jinja, Kisumu na Eldoret, huishia motoni kwa makusudi. Mnunuzi hutia samli na nafaka ndani ya miali, akitamka maneno ya sala, mpaka vyote viwe majivu.

Ibada hiyo ina miaka maelfu. Kilicho kipya ni madai yanayoifuata. Katika miaka ya karibuni ujumbe wa simu umekuwa ukizunguka, kutoka India hadi Afrika Mashariki, ukisema kwamba moshi wa moto huo husafisha hewa, huua vijidudu na hata huzalisha oksijeni. Upande wa pili wako wanaonyooshea kidole moto huohuo na kusema kila kuni inayochomwa, hata kwa jina la Mungu, inaongeza uchafu.

Kwa mtu anayekaa saa 12 kwa siku kando ya barabara ya Busia au Malaba, akiuza nyanya, mitumba au omena, huu si mjadala wa kidini tu. Kama moshi wa ibada unasafisha hewa kweli, ni dawa ya bei nafuu. Kama hausafishi, wanaouza mchanganyiko wa mitishamba kwa ahadi hiyo wanawauzia watu mbuzi kwenye gunia. Na kama unachafua, ni haki kuuliza unachafua kiasi gani ukilinganishwa na moshi mwingine wote unaopita mpakani.

Moto unavyowashwa

Ibada ya moto ina majina mengi: yajna, havan na homa. Jina hili la mwisho huwachanganya wazungumzaji wa Kiswahili. Katika Kisanskriti, homa ni sadaka inayotolewa kwa moto. Mtu wa Busia akisikia habari za tiba ya homa atadhani ni vidonge vya malaria.

Namna ndogo kabisa huitwa agnihotra. Hufanywa mara mbili kwa siku, jua linapochomoza na linapotua, kwa kutumia chombo kidogo cha shaba chenye umbo la piramidi iliyopinduliwa. Ndani yake huwashwa vipande vya kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na kupakwa samli, kisha mwenye ibada hutia punje chache za mchele. Moto wote hudumu dakika chache tu.

Havan ni kubwa zaidi. Hufanywa kwenye ndoa, ambapo bwana na bibi harusi huzunguka moto kama shahidi wa kiapo chao. Hufanywa pia mtoto anapozaliwa, familia inapohamia nyumba mpya, na mara nyingi mfanyabiashara anapofungua duka au kiwanda. Kuni zinazopendwa ni za mwembe. Juu yake humiminwa samli kwa kijiko chenye mpini mrefu, na hutiwa mchanganyiko wa mimea mikavu, ufuta, shayiri, mchele, sukari guru, kafuri na vumbi la msandali. Kila sadaka inapoingia motoni, waumini huitikia kwa neno moja, svaha.

Kwa muumini, moto huo ni Agni, mpokeaji na mpelekaji wa sadaka. Hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuthibitisha au kukanusha imani hiyo, na si kazi ya maabara kufanya hivyo. Lakini mtu akisema moshi huo unapunguza uchafuzi wa hewa, ametoka kwenye imani na kuingia kwenye jambo linalopimika. Hapo ndipo swali linapoanza.

Kutoka reli hadi kiwandani

Moto huu si mgeni katika ukanda huu. Wakati Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896 hadi ilipofika Kisumu mwaka 1901, Waingereza walileta wafanyakazi takriban 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa kazini, na wachache zaidi ya 6,000 walibaki baada ya mikataba yao kwisha. Wengine wengi, hasa Wagujarati, walikuja kwa nauli zao wenyewe wakafungua maduka kufuata njia ya reli. Mnamo 1903 ilianzishwa Arya Samaj mjini Nairobi, tawi la vuguvugu la Kihindu lililoasisiwa Bombay mwaka 1875 na Dayananda Saraswati. Vuguvugu hilo halina sanamu katika ibada zake. Kitovu chake ni havan.

Reli mpya ilipopitia Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, mji huo wa chini ya mwamba ukawa kituo cha biashara ya pamba, na baadaye saruji. Maduka yenye varanda katika mitaa ya zamani ya Tororo ni alama ya wakati huo. Na ni mjini Tororo, tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alipowaambia wanajeshi wake kwamba Waasia lazima waondoke Uganda. Walipewa siku 90. Milango ya maduka ilifungwa na mioto ya nyumbani ikazimika kwa karibu miaka 20, mpaka serikali ya Rais Yoweri Museveni iliporudisha mali zao katika miaka ya 1990 na baadhi ya familia zikarejea. Upande wa Kenya, serikali iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 mnamo Julai 2017.

Historia hiyo ni sababu ya kuwa waangalifu. Mjadala kuhusu moshi wa jamii ndogo unaweza kugeuka haraka kuwa mjadala kuhusu jamii yenyewe. Ndiyo maana vipimo ni muhimu kuliko maneno.

Madai na vipimo

Dai linalosambaa zaidi kwenye simu husema gramu 10 za samli ya ng'ombe zikichomwa huzalisha tani nzima ya oksijeni. Dai hili halihitaji maabara. Linahitaji mizani ya dukani. Gramu 10 ni uzito wa vijiko viwili vidogo. Tani ni magunia zaidi ya 10 ya mahindi. Hakuna moto unaoweza kutoa uzito mara 100,000 ya ulichopewa. Zaidi ya hayo, moto wowote, uwe wa samli, kuni au dizeli, hula oksijeni ili uwake. Hauiachilii.

Dai la pili lina msingi kidogo. Mwaka 2007 watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa mimea iliyoko Lucknow, India, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa kuchoma kuni na mchanganyiko wa mimea ya havan ndani ya chumba kilichofungwa. Baada ya saa moja, idadi ya bakteria hewani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 94, na athari hiyo ilionekana hata saa 24 baadaye chumba kikiwa kimefungwa. Utafiti huo ni wa kweli, ulichapishwa katika jarida la kitaalamu, na ndio unaonukuliwa kila mara.

Tatizo ni kwamba ulipima bakteria. Haukupima uchafuzi wa hewa kama wataalamu wa afya wanavyoupima leo. Kinachoua watu wengi katika hewa chafu si bakteria bali chembe ndogo za masizi na vumbi ziitwazo PM2.5. Kipenyo cha chembe hizo hakizidi mikroni 2.5, mara 30 hivi chini ya unene wa unywele. Pua haizizuii. Hupita koo, hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Humo huchochea pumu, kikohozi sugu, shinikizo la damu, kiharusi na saratani. Na chanzo kikuu cha chembe hizo ni kuchoma vitu: kuni, mkaa, kinyesi, mafuta, taka. Moshi unaoua bakteria chumbani unaweza wakati huohuo kukijaza chumba hicho chembe hizi.

Watetezi wengine wa havan husema moshi wake hutoa gesi ya fomaldehidi, ambayo huua vijidudu. Ni kweli gesi hiyo huua vijidudu. Lakini tangu 2004 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), umeiorodhesha miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Ipo pia simulizi ya Bhopal, mji wa India uliokumbwa na uvujaji wa gesi ya sumu usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984. Inasemekana familia zilizowasha agnihotra usiku huo zilisalimika. Simulizi hiyo imeandikwa mara nyingi, ila usiku ule hakuna aliyekuwa na kipimo ndani ya nyumba hizo. Inabaki ushuhuda wa walionusurika, wala si ushahidi kwamba moto ndio uliowaokoa.

Somo la samaki wa moshi

Wafanyabiashara wa Busia wana njia ya haraka ya kuelewa tofauti hii. Samaki aina ya mbuta wanaokaushwa kwa moshi kando ya Ziwa Victoria husafiri mbali kupita mpaka huu bila kuoza. Hawaozi kwa sababu joto na moshi hukausha nyama na kuzuia bakteria. Hakuna anayebisha kwamba moshi unafanya kazi hiyo. Lakini muulize mama anayesimamia tanuri. Macho yake ni mekundu, kifua kinabana, na anajua fika kwamba kilichomfaa samaki hakikulifaa pafu lake.

Wauza mahindi nao wanajua. Vidonge vya kuhifadhia nafaka ghalani hutoa gesi inayoua fukusi wote. Mwenye ghala hufunga mlango na kutoka nje. Kuua kiumbe mdogo hewani na kuifanya hewa iwe salama kwa binadamu ni mambo mawili tofauti.

Hoja hiyo haihusu Wahindu peke yao. Udi wa nyumba ya Kiislamu siku ya Ijumaa, ubani wa kanisa Katoliki na vijiti vya manukato vya hekalu la Kibudha vyote hutoa chembe za aina moja. Utafiti uliofuatilia zaidi ya Wachina 61,000 wa Singapore, uliochapishwa mwaka 2008, uligundua kwamba waliofukiza ubani kwa miaka mingi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani fulani za njia ya juu ya hewa. Pafu halina dini. Linapokea kila moshi kwa namna ileile.

Ni moshi kiasi gani?

Baada ya kusema moshi ni moshi, haki inadai kuuliza ni mwingi kiasi gani. Hapa ukubwa wa moto ndio unaoamua.

Mwezi Machi 2018, katika mji wa Meerut kaskazini mwa India, makuhani mamia kadhaa waliendesha havan ya siku tisa iliyotangazwa kuwa ya kupunguza uchafuzi wa hewa. Takriban tani 50 za kuni za mwembe zilipangwa kuchomwa. Kilo moja ya kuni kwenye moto wa wazi hutoa gramu kadhaa za chembe ndogo. Hata tukichukua gramu 5 tu kwa kila kilo, tani 50 ni kilo 250 za chembe zilizopandishwa kwenye anga la eneo ambalo tayari ni miongoni mwa yenye hewa chafu zaidi duniani. Moto wa namna hiyo haupunguzi chochote.

Agnihotra ya nyumbani ni jambo jingine kabisa. Kipande cha kinyesi, samli kidogo na punje za mchele kwa dakika 10 au 15 ni moto mdogo kuliko wa mchoma mahindi mmoja kituo cha mabasi cha Busia. Kwa hewa ya mji mzima hautaonekana kwenye kipimo. Kwa hewa ya chumba kimoja kilichofungwa madirisha, chenye mtoto mchanga au mzee mwenye pumu, unaonekana na kuhisika. Havan ya harusi iliyo katikati ya hizo mbili huwadhuru zaidi walioizunguka: makuhani, maharusi na jamaa wa mstari wa mbele.

Kuna jambo la wakati pia. Asubuhi na jioni, hewa baridi hulala karibu na ardhi na kuufunga moshi chini kama sufuria iliyofunikwa. Ndiyo maana moshi wa alfajiri huonekana ukielea juu ya mabati bila kupanda. Saa za agnihotra ndizo hizohizo za kuwasha majiko, kupasha injini za malori na kupanga meza sokoni. Anayewasha moto wowote wakati huo anauongeza kwenye moshi ambao tayari hauna pa kwenda.

Moshi mkubwa uko barabarani

Mtu akisimama Malaba au Busia na kutafuta nani anachafua hewa, hatahitaji kwenda hekaluni. Barabara ya kutoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hupita hapa. Lori likisimama injini ikinguruma huchoma takriban lita 3 za dizeli kwa saa bila kusogea hata hatua moja. Malori 100 yakisubiri saa mbili ni lita 600 zilizogeuzwa moshi kwa ajili ya kusimama tu. Mwaka 2020, wakati madereva walipolazimika kupimwa Covid-19 mpakani, msururu wa Malaba ulifika makumi ya kilomita. Moshi wa dizeli uliorodheshwa na wakala uleule wa saratani kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu mnamo Juni 2012.

Zipo hatua zilizosaidia. Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hatua iliyowezekana kwa sababu nchi zilikubaliana pamoja. Nchi moja isingeweza kudhibiti mafuta yanayovuka mipaka. Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ambapo gari hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Kituo hicho hutajwa zaidi kwa kuokoa muda na pesa. Kila saa inayookolewa kwenye foleni ni hewa pia iliyookolewa, ingawa faida hiyo haiandikwi kwenye stakabadhi yoyote ya forodha.

Kisha kuna mkaa. Uganda na Kenya zote hupikia zaidi mkaa na kuni vijijini na katika mitaa ya kipato cha chini. Nchini Uganda ni zaidi ya kaya tisa kati ya kumi. Kenya iliposimamisha ukataji wa miti mwaka 2018, mkaa wa Uganda ulipata soko zaidi upande wa pili. Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi yake. Biashara ilibadili njia tu. WHO inakadiria moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wengi wao wanawake na watoto, kwa sababu wao ndio wanaokaa karibu na jiko.

Mwisho ni taka. Jioni baada ya soko, mifuko, chupa na matambara huchomwa nyuma ya vibanda. Moshi wa plastiki una sumu ambazo kuni kavu haina, zikiwemo dioksini. Kati ya mioto yote midogo ya mpakani, huu ndio usio na sababu ya kuendelea kuwaka: hauivishi chakula, haubarikii ndoa, haupeleki mzigo.

Na ni jambo la kukumbukwa kwamba mpaka huu uliwahi kuipa dunia usafiri usiotoa moshi. Boda boda zilizaliwa hapa, zikiwa baiskeli zilizovusha abiria na mizigo kwenye kipande cha ardhi kati ya vituo vya mpakani. Leo jina limebaki. Baiskeli nyingi zimekuwa pikipiki.

Bidhaa yenye mtego

Wanaotafuta faida katika soko la ibada wanapaswa kujua kwamba si kila kinachochomwa kinaruhusiwa kuvushwa. Ufuta, mchele na samli vinavyotoka katika nchi za Jumuiya ni bidhaa za kawaida. Mfanyabiashara mdogo mwenye shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kutumia utaratibu rahisi wa forodha na cheti rahisi cha uasilia, mradi bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa.

Msandali ni habari nyingine. Mti wa msandali wa Afrika Mashariki, unaotafutwa kwa mafuta na manukato yake, Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake porini mwaka 2007. Tangu 2013 biashara yake ya kimataifa kutoka Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Ethiopia inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Mara nyingi mti huo hung'olewa na mizizi, na haurudi. Magunia ya msandali yaliyofichwa chini ya mizigo mingine yamewafikisha watu mahakamani. Mteja akiulizia vumbi la msandali la ibada, muuzaji aulize kwanza lina hati gani.

Wanaobadilika bila kuacha dini

Wapo wanaodhani kuzungumzia moshi wa ibada ni kuidharau ibada. Mifano inaonyesha vinginevyo. Mnamo Agosti 2014, Hekalu la Xingtian mjini Taipei, Taiwan, mojawapo ya mahekalu yenye waumini wengi mjini humo, liliondoa vyetezo na kuwaomba waumini waombe kwa mikono mitupu. Waumini waliendelea kuja. Nchini India, Mahakama ya Juu ilizuia uuzaji wa fataki mjini Delhi na viunga vyake kabla ya Diwali ya Oktoba 2017. Taa za Diwali ziliendelea kuwashwa, na wafanyabiashara wa Kigujarati waliendelea kubariki vitabu vyao vipya vya hesabu kama wafanyavyo kila mwaka.

Havan nayo ina nafasi ya kupumua. Moto mdogo wa kuni zilizokauka vizuri hutoa masizi machache kuliko moto mkubwa wa kuni mbichi. Ukumbi ulio wazi pande mbili ni bora kuliko chumba kilichofungwa. Samli ikitiwa kidogokidogo huwaka. Ikimwagwa nyingi kwa mkupuo inaweza kutoa wingu jeusi. Watoto wachanga, wajawazito na wenye pumu wanaweza kukaa upande upepo unakotoka. Hakuna lolote kati ya hayo linaloondoa neno moja kwenye sala.

Kipimo badala ya kisingizio

Sheria zipo pande zote mbili. Kenya ilitoa kanuni za ubora wa hewa mwaka 2014, na Uganda ilitoa viwango vyake vya hewa mwaka 2024. Kila nchi ina mamlaka yake ya mazingira, na kwa bahati zote mbili huitwa NEMA. Mwongozo wa WHO wa 2021 unataka wastani wa mwaka wa PM2.5 usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na wa siku moja usizidi 15. Karibu watu wote duniani wanavuta hewa inayozidi kiwango hicho.

Kinachokosekana mpakani ni mazoea ya kupima. Uwezo upo karibu. Tangu 2015 mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukitengeneza vipimo vya bei nafuu vinavyohimili joto na vumbi la Afrika, baadhi vikifungwa juu ya boda boda ili visome hewa ya barabarani. Vipimo viwili tu, kimoja upande wa Busia Kenya na kimoja upande wa Busia Uganda, vingetosha kuonyesha saa mbaya za siku. Kamati za pamoja za mpakani, ambazo tayari huwakutanisha maofisa wa nchi mbili kuhusu ushuru na usalama, zingekuwa na jambo la kujadili lenye tarakimu.

Wakati hilo likisubiriwa, mfanyabiashara ana hatua asizohitaji kuombea ruhusa. Meza isikae nyuma ya mabomba ya malori yanayosubiri. Mita chache upande upepo unakotoka hupunguza moshi. Jiko la mkaa liwashwe nje. Kitambaa cha mdomoni huzuia vumbi kubwa lakini si PM2.5, barakoa ya N95 ndiyo inayozuia. Chama cha wafanyabiashara kinaweza kukubaliana na soko kuhusu siku ya kukusanya plastiki badala ya kuzichoma. Madereva wanaweza kuombwa kuzima injini kwenye foleni, na wenye malori wana sababu ya kusikiliza, kwani lita 3 za kila saa hutoka mifukoni mwao.

Na ujumbe ukifika kwenye simu ukidai kijiko cha samli kinaleta tani ya oksijeni, au ukidai Wahindu ndio wanaochafua hewa ya Tororo, jibu ni moja kwa zote mbili: leta kipimo. Moto wa ibada una heshima yake kwa wanaouwasha, na ukiwa mdogo, nje ya chumba kilichofungwa, madhara yake kwa mji ni madogo. Hausafishi hewa ya mpakani. Hewa hiyo itasafishwa na injini zinazozimwa, taka zinazokusanywa na majiko yanayobadilishwa, na kazi hiyo ni ya watu wa dini zote wanaopita hapa kila siku.